Kiungo Asiyejua Kutikisa Kikombe

Soksi ndiyo iliyoniambia kwanza. Siku hizo nilikuwa nikiwafundisha watoto wa mtaa mpira hapa Ibra, Oman, baada ya saa za kazi. Jioni moja nikavua soksi nikaona alama yake imebaki mguuni kama mfereji. Nikasema lastiki inabana, nikanunua soksi nyingine. Kama wewe unayesoma haya umeambiwa juzi tu kwamba figo zako zimekufa, utaelewa kwa nini naanza na soksi. Wengi wetu tulinunua soksi nyingine kwanza.

Sikusoma sana. Niliacha skuli nikafuata mpira, kwa hivyo mambo ya kidaktari waulize madaktari. Mimi naandika niliyoyaona na niliyoyakosea, na pale ambapo sina hakika nitasema sina. Mengi niliyaandika kwa mkono wa kulia nikiwa kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu, wa kushoto umefungwa mirija. Mengine nimeyabadilisha baadaye kwa sababu niliyasoma tena nikaona nawaonea watu.

Wazee wangu walitoka Unguja, mimi nimezaliwa hapa hapa. Nilikuwa kiungo. Nilicheza Ibra, nikahamia Sur, nikaenda Bahla, kisha Nizwa, nikarudi Sur nikiwa mzee kwa mpira, nikamalizia Ibra kwenye benchi. Timu ya taifa sikuitwa, wala sikustahili. Kazi ya kiungo wa aina yangu ni kukaa katikati, kuchukua mpira na kumpa mwenzako aliye mahali pazuri zaidi. Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mwingereza aliyekuja kuwa kocha wetu Sur, jina lake Kolin. Yeye mwenyewe kwao alikuwa kiungo wa namna hiyo, wa timu ndogondogo, leo hapa, mwaka kesho kule. Nitamrudia, maana bila yeye sijui ningezimaliza vipi zile saa za mashine.

Nilianza mashine wakati wa rutabu, tende zinapoiva, mitende imeelemewa, joto la Ibra linapasua midomo. Siku moja kwenye mashine, siku moja nyumbani, Ijumaa mapumziko. Hakuna aliyenitayarisha kwa kiu. Figo zikifa, maji unayokunywa hayana pa kutokea, basi yanakaa miguuni, yanapanda kifuani. Mke wangu Salma alikuwa akinipimia maji kwa kikombe kidogo cha chai na kunipa kipande cha barafu ninyonye taratibu. Siku moja nilimwita askari jela.

"Na wewe mfungwa unayetaka kufa," akanijibu, akaendelea kukunja nguo.

Alikuwa na haki. Tena yeye mwenyewe, nilikuja kugundua, alikuwa akinywa maji yake jikoni akinipa mgongo, nisimwone.

Mwili ulibadilika. Vigimbi vyangu, ambavyo ndivyo vilivyonilisha miaka yote ile, viliyeyuka. Ngozi ikawa nyeusi na ya kuwasha. Mdomoni ladha ya shaba. Mkono wa kushoto waliniunganisha mishipa ili sindano zipate pa kuingia, na pale pakawa panavuma kama nyuki kwenye mkebe. Kila alfajiri baada ya sala Salma aliweka vidole viwili juu yake, asikilize kama bado unavuma. Ukivuma, anaondoka kwenda kutia chai. Nimeandika mengi ya ugonjwa huu, lakini vile vidole viwili sikuwahi kuviandika vikatosha.

Kiti cha jirani yangu hospitali kilikuwa cha Bi Rahma, mtu mzima aliyekulia Unguja mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko na cha zamani. Alikuwa na safari zake nyingi: Unguja, Dar es Salaam, Dubai, mwisho Ibra kwa mtoto wa marehemu nduguye. Alikuja na udi kwenye buibui mpaka manesi wa Kihindi wakawa wanapita karibu yake makusudi. Mashine ile ina baridi, inakurudishia damu yako imepoa, na manesi wale walikuwa wakituwekea mablanketi juu ya hita kabla hatujafika. Hawakuagizwa na mtu.

Kolin alipata habari zangu kwa wachezaji wenzangu wa zamani. Sasa yuko kwao, mzee, nyonga moja ya chuma. Hakuniletea pole. Aliniletea sauti aliyoirekodi kwenye simu, akasema, "Nasikia unakaa bure saa nne kila mara. Nitakuhadithia timu zangu, moja kila ukikaa. Wewe utamaliza kabla yangu au mimi kabla yako."

Basi ikawa hivyo. Najua Kiingereza cha uwanjani tu, nilichokipata kwake, lakini kilitosha. Bi Rahma akauliza mzungu gani huyo anayenong'ona, nikawa namfasiria. Mwanamke ambaye hajapata kutazama mpira hata dakika moja akawa hawezi kukaa bila yeye.

"Shikamoo, Bi Rahma."

"Marahaba, mwanangu. Mzungu wetu leo kauzwa wapi?"

"Leo hakuuzwa. Kaazimwa."

"Kaazimwa? Mtu mzima na meno yake huazimwa kama sufuria?"

"Ndiyo mpira ulivyo, Bi Rahma."

"Na wakimrudisha, humrudisha kaoshwa?"

"Walimrudisha goti limevimba."

"Sufuria langu pia nilirudishiwa hivyo hivyo," akasema, akafumba macho. "Haya, endelea."

Tulimfuata Kolin majira ya baridi yote. Tulikuwa naye kwenye mji wa viwanda ambako uwanja ulinuka mafuta ya kukaangia. Tulikuwa naye kwenye mji wa pwani ambako upepo uliurudisha mpira kwa kipa aliyeupiga. Alipanga chumba juu ya duka la nyama. Mkewe alifika mahali akaacha kufungua maboksi, akawa anatoa vijiko na mashuka tu. Timu ikishuka daraja, anaondoka. Kocha akifukuzwa, anaondoka. Jambo moja alilisema nikalikariri: "Hakuna timu iliyonitaka mimi. Kila mara mtu wao alikuwa ameumia, wakahitaji miguu. Nilikuja mahali pa mtu mwingine maisha yangu yote."

Nilipolifasiri hilo Bi Rahma alijivutia blanketi mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Mwambie sisi tunamjua."

Sasa nieleze habari ya dada yangu, na hapa naomba niwe mwangalifu.

Zuwena ni mdogo wangu, tumbo moja. Anafundisha watoto wadogo skuli, Nizwa. Tangu mwezi wa kwanza alisema figo yake moja ni yangu. Mumewe, Khalfani, alikataa. Khalfani ni mtu wa Nizwa, hajui Kiswahili, kwa hivyo maneno yake nayaandika kama nilivyoyaelewa. Alinijia Ibra peke yake, akakaa chini, akasema, "Mama yangu aliingia kupasuliwa akitembea, akatoka amefunikwa. Mimi nina watoto, na huyo ndiye mama yao. Nakupenda, lakini sikupi."

Sikumchukia. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo, pengine kwa ukali zaidi. Nikampigia Zuwena nikamwambia hapana, kwa ajili ya nyumba yake. Akaniomba tena, nikasema hapana. Wakati wa Ramadhani, mimi siruhusiwi kufunga, nimekaa nakula mchana kama mtoto, akaniomba tena. Nikasema hapana. Nikajiona mtu mwema. Lakini sina hakika kama ilikuwa wema. Nadhani nusu yake ilikuwa kwamba sikujua kupewa. Uwanjani nilikuwa mtu wa kutoa.

Rutabu zikaja tena. Jirani yetu mmoja akafariki, nikaenda sabla kutoa mkono wa pole. Kwa asiyejua, sabla ni ukumbi wa wanaume wa mtaa au wa ukoo, mnakaa chini kuzunguka kuta. Hupita sahani ya tende, kisha kahawa kwenye finjani ndogo. Mwenye birika atakumiminia, ukinywa atakumiminia tena, na hatakoma mpaka ukitikise kikombe kidogo kwa vidole. Kutikisa ndiko kusema nimetosheka, Mungu akujazie. Mtoto wa Oman hulijua hilo kabla ya kujua kufunga viatu.

Na mimi nilijua. Tena nilijua kwamba tende ndiyo sumu yangu ya kwanza. Ndani yake mna kitu ambacho figo nzima hukitoa na figo iliyokufa hukiacha, nacho husimamisha moyo. Salma aliniambia mlangoni: "Gusa sahani, ipishe."

Sahani ilipofika niliigusa nikaipisha. Mzee mmoja aliyekaa mkabala akacheka kwa upole, akasema kwa Kiarabu, "Hawa wa Zinjibari hawali tende, wamezoea muhogo." Watu wakatabasamu. Hakuwa na ubaya, ni mzaha wa sabla na mimi nimeusikia tangu utotoni. Lakini sisi tuliozaliwa na wazee wa Unguja tuna jambo letu. Tunavaa kanzu iliyonyooka kuliko wao, kilemba tunakifunga mara mbili, na tunaogopa sana kuonekana hatujui. Ningeweza kusema, "Mzee, mimi mgonjwa." Maneno matatu. Badala yake nikanyoosha mkono nikala. Ilipopita tena nikala tena. Kahawa ikaja, na kikombe sikukitikisa.

Nilipotaka kuinuka niage, miguu haikuinuka. Moyo ulikuwa unapiga, unanyamaza, unapiga, kama mpira unaodunda chumbani ukikaribia kutulia. Nakumbuka dari. Nakumbuka pia, na hili lazima liandikwe, kwamba aliyenishika kichwa mapajani mwake garini mpaka hospitali ni yule mzee wa mzaha. Alikuwa akinisomea Qurani na machozi yanamtiririka kwenye ndevu. Mpaka leo akinikuta njiani hushindwa kuniangalia, nami humwambia kosa halikuwa lake, kwa sababu halikuwa.

Wakanitia kwenye mashine mbio mbio.

"Tende?" daktari akauliza.

"Tende."

"Unajua umefanya nini?"

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Haya ya sabla huwezi kumweleza mtu aliyetoka nchi nyingine.

Asubuhi Zuwena akawa amefika kutoka Nizwa. Alisimama miguuni kwangu, mkoba bado begani. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Kaka, nimeambiwa ulivyokuwa."

"Alhamdulillahi, nimepona."

"Hukupona. Sikiliza. Watu ambao hata jina lako hawalijui vizuri wamekupa tende zikuue, ukaona haya kusema hapana. Mimi, mtoto wa mama yako, nakupa kitu ukae hai. Kwangu mimi ndiyo umejua kusema hapana? Mara tatu?"

Nikajivuta kitandani nikae.

"Khalfani..." nikaanza.

"Khalfani mwachie mkewe." Akaweka mkoba chini. "Nakuuliza wewe."

Nikasema niache nifikiri. Akasema, "Fikiri, lakini usifikiri kama mtu mwenye wakati," akaenda kumtafuta Salma. Nikawasikia huko nje, na hapo ndipo alipolia.

Niliporudi kwenye kiti changu cha kawaida Bi Rahma alikuwa na habari zote, sijui alizipata wapi. Hakunitania.

"Mwanangu," akasema, "mimi mwili wangu hauwezi tena kupasuliwa, nimeshaambiwa. Nitakaa na sufuria hili hili mpaka likatike mpini. Wewe unapewa jipya unaona haya. Haya hizo zitakufaa nini kaburini?"

Siku hiyo Kolin alikuwa amefika kwenye timu yake ya mwisho au ya kabla ya mwisho, sikumbuki vizuri. Walimchukua kwa sababu kiungo wao alivunjika mguu. Kabla ya mechi yake ya kwanza, yule mwenye kuvunjika akaja chumba cha kuvalia kwa magongo, akampa vikinga ugoko vyake mwenyewe. Kolin aliona vibaya kuvaa vitu vya mtu aliye hai na anayemtazama. Akashukuru, akavitia begini, akaingia na vyake. Mechi ilipokwisha yule mtu akamsubiri mlangoni. Akamuuliza neno moja: "Ulivaa?" Kolin akasema hapana. Yule mtu akaondoka, na uwanjani hakuja tena.

"Nilidhani namheshimu," ikasema ile sauti ya kizee kwenye simu. "Kumbe nilimtoa uwanjani mara ya pili."

Nikamfasiria Bi Rahma. Akageuza uso upande wa dirisha. Sitaki kusema kwamba hadithi ile ndiyo iliyoniamulia, maana nisingekuwa mkweli. Nilikuwa nimeshaamuliwa na maneno ya Zuwena. Lakini nilitoka pale nikijua namna ya kulisema.

Nikaenda Nizwa, kwa Khalfani, mlangoni kwake. Nikamwambia nimekubali na nimekuja anitukane. Alikuwa akikata makuti. Hakuacha.

"Mimi sikukubali," akasema. "Nimeshindwa. Usichanganye mambo hayo mawili."

"Sichanganyi."

"Basi."

Na siku za vipimo zilipoanza, yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka mkewe Maskati, njia yote ile, kwenda na kurudi, bila kunisalimia zaidi ya salamu ya wajibu. Walimwita Zuwena peke yake chumbani wakamuuliza kama kuna anayemlazimisha. Alitoka anacheka: aliwaambia anayelazimishwa ni kaka yake.

Bi Rahma alifariki baridi ilipoanza, kabla majibu hayajatimia. Siku hiyo nilifika nikamkuta mwanamke mwingine kwenye kiti chake, kijana, anaogopa, anauliza sindano inauma vipi. Nikamweleza. Blanketi la Bi Rahma lilikuwa bado linanuka udi, akajifunika nalo bila kujua. Nilimpelekea Kolin habari. Zikapita siku mbili. Kisha ikaja sauti fupi: "Nilikuwa namhadithia yeye. Wewe ulikuwa mkalimani tu." Nadhani ilikuwa kweli.

Ya upasuaji wa Maskati nitayasema kwa ufupi kwa sababu nilikuwa usingizini. Nilipozinduka nesi alikuwa ameshika mfuko wa mkojo juu, anautazama kwenye mwanga kama mtu anayetazama asali. Ulikuwa unajaa. Kwa miezi mingi mwili wangu ulikuwa haujatoa hata kijiko. Nililia kwa ajili ya mkojo, na sioni haya kuliandika. Wewe unayesubiri, Mungu akujaalie kuulilia wako.

Lakini uandikwe na upande wa pili, maana watu hawausemi. Mtoaji ndiye anayeumia zaidi. Mimi nilipata nguvu kila siku, Zuwena alikuwa akizipoteza. Siku ya nne alikuja mlangoni kwangu ameinama, mkono ukutani, mkono mwingine Khalfani ameushika. Khalfani alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Alinitazama, na najua alikuwa akitafuta kwenye uso wangu kama nimestahili. Sikujua niuweke uso vipi.

Kolin aliniletea sauti moja tu. "Ulivaa?"

"Nimevaa," nikamjibu.

Nikakaa miezi nimejifungia nisiambukizwe maradhi, kitambaa usoni, wageni wanasalimia kutoka getini na Salma anapokea sahani zao. Vidonge asubuhi na jioni, mikono inatetemeka, uso umevimba kama mkate wa mofa. Ule mshipa wa mkono bado unavuma, na Salma bado anausikiliza alfajiri, ingawa sasa hauna kazi. Sijamwambia aache.

Idi kubwa tukaruhusiwa kutoka. Tukaenda Nizwa. Zuwena alikuwa amerudi skuli, amekonda, lakini sauti yake ilisikika tangu uani. Khalfani akanikaribisha barazani, tukakaa wawili tu. Kati yetu sahani ya tende za shamba lake. Ninaruhusiwa sasa, chache, na kahawa finjani mbili tatu. Nikala moja. Akanimiminia kahawa, nikanywa. Akamimina tena, nikanywa. Mimi nilikuwa natazama finjani nikifikiri nitaanzia wapi kumshukuru mtu ambaye hakukubali. Akamimina ya tatu, nikanywa, nikakinyoosha kikombe tena bila kufikiri, kama ilivyo kawaida yangu.

Birika likabaki hewani. Khalfani hakumimina.

"Unafanya nini?" akasema. "Hiyo uliyonayo tumboni si yako peke yako. Nusu ya nyumba yangu imo humo."

Hakuwa amekasirika. Alikuwa akinitazama vile vile alivyonitazama Maskati, ila safari hii alikuwa anangoja jibu.

Nikakitikisa kikombe. Akakipokea, akakiweka chini kifudifudi upande wake, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, akaniuliza habari za mpira.